Mumbai ukishamaliza Gateway: asubuhi za bure za anayeuguza Parel

Swali

Shikamoo mama. Januari namsindikiza mama yangu Mumbai kwa matibabu. Tutapanga chumba Parel, karibu na hospitali, kwa wiki tatu. Tuko ndugu wawili wa kupokezana zamu, kwa hiyo nitakuwa na asubuhi nyingi za bure na pengine siku moja mbili nzima. Mumbai nilishafika mara moja kununua vitambaa. Nikapelekwa Gateway of India, Marine Drive, mapango ya Elephanta na kule darajani kutazama madobi. Safari hii sitaki kuzungushwa na dereva wa hoteli. Nataka kuuona mji unavyoishi. Nianzie wapi, na mwanamke peke yake anaweza?

Msomaji, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mungu amjaalie mama nafuu ya haraka.

Nimekuwa nikipokea wagonjwa na wafanyabiashara wa kwetu Mumbai kwa miaka mingi, na swali kama lako husikii kila siku. Wengi wakishapiga picha Gateway hurudi chumbani kutazama simu. Ushauri wangu ni mmoja, mengine yote yanatoka humo: kabla hujauliza uende wapi, jiulize unakwenda saa ngapi. Mumbai ni mji wa kazi na kila kazi ina saa yake. Gati la samaki litakalokuacha mdomo wazi saa kumi na moja alfajiri, ukilifikia saa nne utakuta maji sakafuni na paka wanaolamba vidole. Basi kila utokapo chagua stesheni moja na saa moja, shuka, tembea kwa miguu, rudi zamu. Ukijipangia sehemu tatu kwa siku moja utaishia kuuona mgongo wa teksi iliyo mbele yako.

Kwa sababu hiyo, achana na gari na ujifunze treni. Treni ya kwanza ya abiria India iliondoka hapo hapo, tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder hadi Thane, kilomita 34, na mji nao ukarefuka kwa kuifuata reli. Mumbai ni mwembamba na mrefu, bahari huku na hori kule, ndiyo maana reli inakufikisha karibu kila mahali. Njia kubwa ni tatu: Western inaanzia Churchgate, Central na Harbour zinaanzia CSMT, lile jumba la minara ambalo umelipita ukidhani ni kasri. Parel iko Central. Ukivuka tu ngazi za juu ya reli unajikuta Prabhadevi ya Western, kwa hiyo kutoka chumbani kwako una njia mbili kwa mkupuo. Nauli ya kawaida inaanzia rupia 5. Kata tiketi kila safari, wakaguzi wapo na hawabembelezeki.

Asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, Mumbai nzima inakwenda kusini. Jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku, nzima inarudi kaskazini. Wewe fanya kinyume chao. Ukitaka kwenda kusini, ondoka kabla jua halijapanda au subiri saa tano na nusu ipite. Ukitaka kaskazini, nenda asubuhi, utapata kiti cha dirishani. Ngazi za pale Prabhadevi, enzi hizo stesheni ikiitwa Elphinstone Road, ziliua zaidi ya watu 20 kwa kukanyagana siku ya mvua mwezi Septemba 2017. Daraja jipya limejengwa tangu hapo, lakini tabia ya kukimbilia treni haijabadilika. Treni ikikuacha, iache. Nyingine inakuja baada ya dakika chache.

Panda behewa la wanawake. Lina picha ya mwanamke ubavuni, na jukwaani utawaona wenzako wamekusanyika mahali linaposimama. Humo ndimo mji ulimo, mimi nakwambia. Wachuuzi wanapanda na mabango ya hereni, vibanio vya nywele, soksi, mapochi, na biashara inafanyika treni ikiyumba, pesa zinapitishwa mikono mitano hadi zimfikie mwenyewe. Jioni kuna wanaotoa mbaazi mbichi kwenye maganda, wakifika nyumbani mboga iko tayari kwa sufuria. Mtu atakuuliza unashuka wapi. Si umbea: anataka kiti chako, na ukishamjibu kimeshakuwa chake. Ukiwa unashuka, sogea mlangoni stesheni mbili kabla. Na jioni, kama unakwenda Borivali, usithubutu kupanda treni ya Virar. Wa Virar wanakwenda mbali zaidi na hawawapendi wanaowabania nafasi kwa safari fupi. Wengine wamezibiwa mlango wakapitilizwa.

Haya, asubuhi ya kwanza. Nenda Sassoon Dock, Colaba, kusini kabisa. Hapo tu ndipo nakuruhusu teksi: toka saa kumi na nusu alfajiri, barabara zikiwa tupu. Gati hilo lilijengwa na Albert Sassoon, wa ukoo wa Mayahudi wa Baghdad waliotajirikia Bombay, yaani Mumbai hii hii kwa jina lake la zamani, kwa pamba na kasumba, likafunguliwa 1875. Boti zinafunga ubavu kwa ubavu. Vijana juu ya sitaha wanarushiana matenga, la samaki linapanda, tupu linashuka, na hakuna anayetazama mikono yake. Chini ndiko kwa wanawake. Mnada ni wao, matusi ni yao, na pesa zimefungwa kwenye upindo wa sari iliyopitishwa katikati ya miguu kama suruali. Hao ni Wakoli, wavuvi waliokuwepo kabla ya mji kuitwa mji. Pembeni kuna kina mama wamechuchumaa kwa safu, kila mmoja na chungu yake ya kamba. Gumba na kidole cha shahada vinavua ganda, nyama inaanguka sufuriani huku ganda linaanguka kando, na mazungumzo hayakatiki hata kidogo. Wewe mtoto wa Tanga utajua papo hapo nani amekuja kununua na nani amekuja kupatana bei kwa kujifurahisha.

Vaa viatu vinavyoshika, maana sakafu ni barafu, magamba na maji. Aliyebeba tenga kichwani hasimami, mpishe. Simu iache mfukoni mpaka uombe ruhusa, pale wana ubishi wa muda mrefu na wapiga picha. Ukiona samaki mwembamba, laini kama uji ulioganda, huyo ni bombil. Mbichi husafishwa akapakwa semolina akakaangwa. Mkavu hutundikwa kwenye fito ufukweni, na harufu yake inakufikia kabla hujaziona fito zenyewe.

Mji wenyewe ulianza kwa visiwa saba vya hao wavuvi. Wareno walivitoa 1661 kama mali aliyokwenda nayo binti wa mfalme wao, Catherine wa Braganza, kwa mumewe Charles II wa Uingereza, naye 1668 akavikodisha kwa Kampuni ya East India kwa pauni 10 kwa mwaka. Pauni kumi! Leo hazikulazi usiku mmoja Colaba. Baadaye maji katikati ya visiwa yakafukiwa kidogo kidogo. Ukitaka kuona kisiwa kilivyokuwa, siku nyingine shuka Prabhadevi, chukua basi hadi Worli Koliwada: vichochoro vya upana wa mabega mawili, nyavu zinazoshonwa barazani, na kijingome juu ya mwamba, huku nyuma yake daraja la Bandra limepita baharini na magari ya mamilioni.

Asubuhi ya pili usipande chochote. Tembea. Watu wetu hulalamika kwamba Parel haina kitu ila hospitali na foleni, kumbe wamelala katikati ya mtaa ulioujenga mji huu. Eneo lote kuanzia Byculla hadi Dadar liliitwa Girangaon, kijiji cha viwanda. Kiwanda cha kwanza cha pamba Bombay kilianza kazi 1856. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba ya huko, kuanzia 1861, Bombay ikajaa fedha. Na sisi tumo katika hadithi hiyo: kile kitambaa cha marekani kilichokuwa fedha ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, mwishoni mwa karne ya 19 soko lake Zanzibar lilichukuliwa kwa sehemu kubwa na shuka za viwanda vya Bombay. Kwa hiyo babu wa babu yako huenda alivaa kilichofumwa mita mia chache kutoka kitandani kwako.

Mwezi Januari 1982 wafanyakazi wapatao 250,000 waligoma wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo ule haukutangazwa kwisha mpaka leo. Viwanda ndivyo vilivyokwisha. Ukiona bomba refu la matofali limesimama peke yake katikati ya maduka ya kioo, ujue hapo palikuwa na mashine. Phoenix Mills ya Lower Parel sasa ni jumba la maduka ambalo kijana wa kileo atakupeleka kwa fahari. Mimi nisingekupeleka. Ningekuonyesha chawl: jengo la ghorofa tatu nne, baraza moja ndefu kila ghorofa, vyumba vimejipanga nyuma yake, familia chumba kimoja, choo cha wote mwisho wa baraza. Mambo yote yanafanyikia barazani, kuanika nguo, kusoma gazeti, kugombana na kusuluhishwa. Zile za BDD (idara ya maendeleo ya Bombay ya enzi hizo) za Worli na Naigaon, za miaka ya 1920, zinabomolewa kupisha minara, basi zione zikiwa zimebaki.

Kisha teremka Lalbaug, ni mwendo wa dakika kumi na tano. Kule kuna mtaa wa viungo. Mwanamke ananunua pilipili kavu zake, giligilani, bizari, mdalasini, na ule ukoga mkavu wa mawe uitwao dagad phool, anakaangiwa, halafu anavipeleka kwenye vinu vya umeme vinavyotwanga dum dum dum mchana kutwa. Anaketi kwenye stuli mbele ya kinu na haondoki, kwa sababu akigeuza uso zitachanganywa na za mwingine. Msimu wake mkubwa ni Aprili na Mei, watu wakiweka akiba kabla ya mvua, ila Januari pia vinu vinanguruma na wewe utapiga chafya za kutosha. Zungumza na muuza karafuu. India ni mnunuzi wa miaka na miaka wa karafuu za Pemba, na mzee mmoja au mwingine pale atajua hivyo bila kuambiwa.

Ukiwa na njaa kula vada pav ya kibandani. Inasimuliwa kwamba ilianzia nje ya stesheni ya Dadar mwaka 1966, kwa Ashok Vaidya, kwa ajili ya wafanyakazi waliokuwa wakibadilishana zamu. Vada ni kachori ya viazi unayoijua, imechovywa unga wa dengu ikakaangwa, imefungiwa ndani ya mkate mdogo laini na unga wa kitunguu saumu na pilipili. Chagua kibanda chenye foleni na mafuta yanayochemka mbele ya macho yako. Maji kunywa ya chupa tu, na matunda yaliyokwisha katwa yapitie mbali. Mgonjwa mmoja nyumbani anatosha.

Sasa ya tatu, ambayo ni ya kwenu hasa. Shuka Masjid, kituo kimoja kabla ya CSMT, saa tano na nusu, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Kutoka hapo hadi Crawford Market na Mohammed Ali Road ni mitaa ambayo mtu wa pwani akiingia anatambua nusu ya sura. Mabohora wenye kofia nyeupe za ukingo wa dhahabu na wake zao waliovaa rida za rangi, Makhoja, Wamemoni, Wakachi. Koo hizi ndizo zilizofungua maduka Zanzibar, Mombasa, Bagamoyo na Ngamiani kwenu, na mwenye duka akisikia unatoka Tanga anaweza kukutajia shangazi aliyezikwa huko. Meli za kampuni ya British India, Karanja na Kampala, zilileta na kurudisha watu kati ya Bombay na pwani yetu baada ya vita vya pili, na wazee waliozipanda bado wanazisimulia.

Vitambaa unavijua, kwa hiyo Mangaldas Market nitaipita haraka: ingia kwenye vichochoro vya ndani, ulizia bei ya jora zima hata kama unataka mita tatu, usinunue kwenye maduka ya mlangoni. Jirani yake ni Msikiti wa Ijumaa, uliokamilika 1802, umejengwa juu ya bwawa, nguzo zake zimesimama majini na samaki wanaogelea chini. Uliza mlangoni kabla ya kuingia. Kisha Zaveri Bazaar, mtaa wa sonara. Kila mtu anatazama madirisha ya mikufu. Wewe tazama chini. Kuna watu ambao kazi yao ni kufagia vumbi la mbele ya karakana na mitaro, wakalipeleka kuliosha kwenye karai, maana katika vumbi lile mna chembe za dhahabu zilizodondoka kwenye tupa na nguo za mafundi. Wanaishi kwa hizo.

Ukipenda ng'ombe, na hata usipopenda, tafuta Panjrapole pale Bhuleshwar. Unapita geti dogo katikati ya maduka ya bangili na ghafla uko kwenye zizi la ng'ombe mamia, katikati ya mtaa uliosongamana kuliko karibu mitaa yote ya dunia. Lilianzishwa 1834 na matajiri, mmoja Parsi, wa dini ya Zoroasta yenye asili ya Uajemi, na mmoja Jaini, wa dini ya Kihindi isiyoua kiumbe, baada ya fujo zilizotokana na amri ya Waingereza ya kuua mbwa wa mitaani. Watu hununua majani mlangoni wakawalisha kabla ya kwenda kazini.

Bhendi Bazaar iko hatua chache mbele. Mabohora wanaibomoa na kuijenga upya mtaa mzima kwa mpigo, jambo ambalo sijaliona kwingine, na katikati yake limesimama kaburi jeupe la Raudat Tahera, ambalo kuta zake za ndani zimechorwa Kurani nzima kwa dhahabu. Jisitiri vizuri, zungumza na walinzi kwa adabu. Chor Bazaar, soko la vitu vya kale, liko hapo hapo Mutton Street; maduka hufungwa Ijumaa, lakini alfajiri ya Ijumaa hiyo hiyo barabara hugeuka gulio la mitumba, saa, simu na vyuma visivyo na jina. Nusu ya vitu vya kale pale vilitengenezwa mwezi uliopita. Nunua kwa sababu umekipenda, usinunue kwa sababu umeambiwa umri wake.

Ukichoka, Kyani iko Marine Lines, mkabala na sinema ya Metro. Ni mgahawa wa Wairani wa dini ya Zoroasta, wa tangu 1904, viti vya mbao na meza za marumaru. Agiza bun maska na chai: mkate laini uliopakwa siagi bila huruma, unachovya. Usiombe waifai.

Mengine nitakutajia kwa kupita. Saa tano na nusu asubuhi siku ya kazi, simama nje ya Churchgate uwaone dabbawala, wale wabeba vyakula wenye kofia nyeupe ambao tangu 1890 wanachukua chakula cha mchana kutoka majumbani na kukifikisha maofisini, kila kopo na alama zake za rangi. Tangu korona wamepungua sana, lakini bado wanapanga makopo pale barabarani kwa dakika chache, kisha wanatoweka. Shuka pia Matunga ya Central, stesheni ya kwanza India kuendeshwa na wanawake watupu, tangu 2017, ule chakula cha Kusini juu ya jani la mgomba pale Rama Nayak. Nazi imo ndani, utashukuru baada ya wiki ya chakula cha hospitali. Nenda kabla ya saa saba, foleni yake si mchezo.

Kwa siku yako moja nzima nakupa Kanheri. Panda Western asubuhi hadi Borivali, kinyume cha umati, toka upande wa mashariki, na unaingia kwenye hifadhi ya taifa iliyo ndani ya mji, kilomita za mraba zaidi ya 100, yenye chui wanaoishi hasa, si wa kwenye mabango. Basi la hifadhi linakupandisha hadi mapangoni. Elephanta umeiona, hii ni kubwa zaidi na watu wachache. Mapango 109 yaliyochongwa kwenye mwamba mweusi na watawa wa Kibudha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Pita ukumbi mkubwa wa pango la 3, kila mtu anaishia hapo, wewe endelea kupanda. Juu utaona kilichonishangaza mimi: mifereji midogo iliyokatwa juu ya jiwe, inayoshuka kutoka mlango hadi mlango, ikijaza kisima cha kila mtawa. Mvua ya miezi minne iliwatosha mwaka mzima. Kwenye pango la 90 kuna maandishi ya Kipahlavi, Kiajemi cha zamani, ya wageni Waparsi waliopita hapo mwaka 1009 na 1021. Utalii haukuanza na sisi. Shika mfuko wako, nyani wa pale ni wezi wenye uzoefu. Jumatatu pamefungwa.

Januari pia ni msimu wa heroe kwenye matope ya Sewri, stesheni ya Harbour, jirani yako kabisa. Angalia ratiba ya maji: wanasogea karibu maji yanapokuwa yanajaa au yanatoka, maji yakipwa kabisa unaona vidoti vya waridi tu kwa mbali. Ujenzi wa daraja la Atal Setu, la kilomita 21.8, lililofunguliwa Januari 2024, umewasogeza wengi juu ya hori, kwa hiyo unaweza kwenda ukawakosa.

Utaambiwa uende Dharavi, ule mtaa mkubwa wa mabanda. Kuna wanaouza matembezi ya kuwatazama maskini, na mimi siyapendi hata yakifanywa kwa heshima. Ila Dharavi ni mji wa viwanda vidogo: ngozi, plastiki zinazochambuliwa na kusagwa, ufinyanzi wa Kumbharwada ambako Wagujarati wanachoma vyungu kwenye tanuri mbele ya milango yao. Kama una haja ya mkanda au mkoba wa ngozi, nenda kanunue kwenye maduka ya barabara kuu ya pale. Ukiwa mnunuzi una sababu ya kuwepo na watu wanazungumza nawe kama mnunuzi. Serikali na kampuni ya Adani wana mpango wa kuijenga upya yote, na hilo ndilo kila mtu pale anataka kulizungumza.

Ukiuliza habari zetu wenyewe katika mji huu, Waafrika, zipo lakini hazina vibao. Chuma na Susi, walioubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, waliletwa Bombay naye 1864 kwa ile boti ndogo yake. Chuma akatiwa shule ya wamisionari, Susi akafanya kazi gatini. Pwani ile ya mashariki sehemu kubwa iko ndani ya kuta za bandari, huingii. Watumwa waliookolewa majahazini wakasomeshwa Nashik ndio walioletwa kuanzisha Freretown, Mombasa, na Frere mwenyewe, aliyeupa mji huo jina, alikuwa gavana wa Bombay. Na kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 150, iko Janjira, ngome ya kisiwani ya watawala wa asili ya Kiafrika, Masidi, ambayo Wamaratha hawakuiteka hata mara moja. Jeshi la Masidi liliwahi kuizingira Bombay yenyewe, 1689. Unapanda feri Gateway hadi Mandwa, kisha gari hadi Murud, kisha mashua ya tanga kutoka Rajapuri. Kwa kwenda na kurudi siku moja utachoka vibaya. Ningekuwa wewe ningeiacha mpaka mama apone, nikalale huko.

Umeuliza usalama. Kwa mwanamke peke yake, Mumbai ni afadhali kuliko miji mingi mikubwa ya India, na hata usiku saa nne utaona wanawake wanarudi kutoka kazini kwa treni. Kinachokera ni macho. Watakutazama bila kupepesa, watoto watataka kugusa nywele, mtu atakuomba picha. Ukitaka kataa, kataa ukicheka. Upo pia ubaguzi wa wazi, hasa kwa wapangaji weusi: mwenye nyumba anakwambia chumba kimejaa na wewe umekiona kitupu. Ndiyo maana nasisitiza mpange kupitia watu wanaozoea wagonjwa, na risiti mchukue. Tembea na nakala ya pasipoti na ya viza, hati zenyewe ziache chumbani. Bajaji haziruhusiwi kuvuka Bandra na Sion kuja kusini, kwa hiyo upande wenu ni teksi nyeusi na njano, na mita iwashwe kabla gari halijaondoka. Jumapili reli hufanyiwa matengenezo na treni hupungua, siku hiyo kaa karibu.

Na mama akianza kutoka nje, usimpeleke sokoni. Kati ya Matunga na Dadar kuna Five Gardens, bustani tano zilizozunguka makutano ya barabara, katika mtaa wa Waparsi uliopangwa kwa miti mikubwa. Ni tambarare, hakuna ngazi, viti vipo, na kuanzia saa kumi na moja jioni wazee wa pale wanatembea taratibu kwa mizunguko. Kutoka Parel ni teksi fupi. Mwambie dereva "Five Gardens, Matunga", na mwombe asimamishe upande wa kivulini.